Jahazi moja la ajabu au pembea sita za kawaida?

"Assalaam aleikum Mhandisi. Baba alituachia ekari nne kule Shanzu, na sisi ndugu watatu tumekubaliana kujenga bustani ya burudani. Pesa tulizonazo ni za nyumba ya Bondeni tuliyoiuza, hatuna nyingine. Kaka yetu amekaa Dubai na anataka tununue mtambo mmoja mkubwa usiokuwapo popote: jahazi linalopaa, linazunguka, kisha linashuka kwa ghafla. Wakala ameshatuletea michoro. Mimi na dada yangu tunaona kwa pesa hizohizo tungepata pembea sita za kawaida: farasi wa kuzunguka, magari ya kugongana, mashua ya kubembea, gurudumu la wastani, vikombe vya kuzunguka na treni ya watoto. Kaka anasema vitu hivyo viko kila mahali, na hakuna atakayetoka Nairobi kuja kupanda farasi wa plastiki. Sisi tunamjibu kwamba vya kawaida angalau ni salama. Nyumbani tumeanza kununiana. Tushike lipi?"

Waaleikum salaam ndugu yangu, na Mungu amrehemu baba yenu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani swali ni la mashine. Mara ya tatu nikaona hofu yako iko pengine: nyumba ya Bondeni haiuzwi mara mbili, na mkikosea hapa mtapoteza pesa na masikilizano pamoja. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu, na naomba kaka yako naye asome, maana ana hoja.

Nimefanya kazi kwenye mitambo ya burudani huko Ghuba kwa miaka 14. Nilianza kama kijana wa kupaka grisi, nikamalizia mkaguzi. Mengi ya haya niliyajua kwa kushika spana.

Tuanze na kaka. Anasema kitu cha pekee huvuta watu kutoka mbali, na hilo ni kweli. Abu Dhabi walipofungua Formula Rossa mwaka 2010, rolakosta, yaani treni ya burudani ya reli za kupanda na kushuka, inayokimbia kilomita 240 kwa saa, hapakuwa na ya kasi zaidi duniani, na abiria walivalishwa miwani ya kukinga macho yasiingie mchanga. Watu hupanda ndege kwa ajili ya kitu kama kile. Farasi na vikombe peke yake havitamwamsha mtu wa Nairobi alfajiri awahi treni ya kuja Mombasa. Mkubalieni hapo, tena mkubalieni kwa sauti, ununiano upungue kidogo.

Lakini kuna jambo halimo katika hesabu yake, nalo ni foleni. Mtu akishalipa kiingilio, picha ya jahazi kwenye bango haimfai tena. Anachotaka ni kupanda, ateremke, apande kingine, na watoto wasimlilie kabla ya magharibi.

Chukua kalamu. Tuseme mtambo una viti 12, na kila safari inakula dakika 3 ukijumlisha kupanda, kufunga mikanda, kuzunguka na kushuka. Hapo unabeba watu 240 kwa saa, tena kama hakuna kiti kitupu na hakuna mtoto aliyebadili nia mlangoni. Sasa weka Idd pili. Watu 800 wameingia saa nane mchana, nanyi mnafunga saa kumi na mbili. Kwa saa nne hizo mtambo utabeba watu 960. Kila mmoja amepanda mara moja na kidogo, muda uliobaki amesimama juani. Pembea sita, hata kila moja ikibeba watu 150 tu kwa saa, zinabeba 900 kwa saa na 3,600 kwa alasiri nzima. Hiyo ni mara nne na nusu kwa kila mtu. Nambari hizi ni za mfano, wekeni zenu, lakini tofauti itabaki kuwa kubwa. Yeyote aliyewahi kupelekwa viwanja vya Makadara hapa Mombasa siku ya Idd akiwa mtoto, na shilingi zake mkononi, anaijua tofauti hiyo bila kalamu.

Si kwamba mtambo mkubwa hauwezi kumaliza foleni. London Eye, gurudumu kubwa la Uingereza, ina vyumba 32, kila kimoja watu 25, na huzunguka kwa nusu saa pasipo haja ya kusimama kila wanapopanda watu. Mzunguko mmoja unaweza kubeba watu 800. Walioibuni walilifikiria hilo tangu kwenye karatasi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala wenu ni hili: jahazi lako linabeba watu wangapi kwa saa, na ni wapi naweza kwenda nikasimama na saa yangu nikahesabu?

Akisema hakuna mahali, simameni hapo mfikiri. Mtambo usiokuwapo popote Afrika ni sifa nzuri. Mtambo usiokuwapo popote duniani ni jambo jingine kabisa, na kwa ulivyoandika naona jahazi hili ni la aina hiyo ya pili. Mashine ya kwanza ya aina yake ina kasoro zisizoonekana kwenye michoro. Zinajitokeza ikishabeba uzito wa watu, ikishapigwa na jua na mvua, ikishazunguka mara elfu nyingi. Anayezigundua ni mnunuzi wa kwanza, na anazigundua kwa pesa zake.

Marekani kulikuwa na rolakosta iliyoitwa Kingda Ka, mita 139 kwenda juu, iliyofunguliwa Mei 2005. Haikutimiza mwezi, kifaa cha kuisukuma kikaharibika, ikafungwa hadi Agosti. Mwaka 2009 ikapigwa na radi, ikalala tena kwa miezi. Iliendelea hivyo, leo inakimbia, kesho imesimama, mpaka ikafungwa kabisa 2024 na kubomolewa kwa baruti Februari 2025. Nyingine, Top Thrill 2, ilifunguliwa Mei 2024 baada ya kujengwa upya kwa gharama kubwa. Baada ya wiki moja hivi ikafungwa kwa tatizo la magurudumu ya mabehewa, na haikurudi hadi 2025. Na kaka yako bila shaka analijua gurudumu la Ain Dubai, kubwa kuliko yote duniani. Lilifunguliwa Oktoba 2021, likasimama Machi 2022, watu wakalitazama kwa mbali hadi mwisho wa 2024.

Hao wote walikuwa na uwezo wa kungoja. Kingda Ka ilipolala, bustani yake ilikuwa na rolakosta nyingine za kupokea wageni. Dubai ina vivutio vingine. Jahazi lenu likisimama, mtamwonyesha nini mtu aliyeleta wanawe watano kutoka Voi?

Nililishuhudia hili kwa macho yangu, mahali ambapo jina lake nitalihifadhi. Tulikuwa na mtambo wa pekee, fahari ya mahali pale. Beringi moja ikafa mwanzoni mwa Novemba, msimu wa wageni ndio unafunguka. Beringi hiyo ilikuwa haiuzwi dukani, ilibidi ichongwe upya Ulaya. Tulingoja wiki 11. Kila asubuhi niliwaona watoto wakisoma kibao cha "umefungwa" kisha wakimgeukia baba yao, na bado sijazisahau nyuso zile. Wakati huohuo magari ya kugongana, ambayo hakuna aliyeyapiga picha, hayakulala hata siku moja. Yakikatika waya tuliunga, mpira ukichakaa tulikata mwingine. Hapa kwetu fundi wa Kisauni anaweza kuyashika magari hayo mkishamfundisha wiki mbili. Jahazi hataligusa, wala msimruhusu.

Sasa zamu yako wewe na dada yako. Mnasema pembea za kawaida angalau ni salama. Hapo ndipo ninapowahofia nyinyi kuliko kaka.

Julai 2017, katika maonyesho ya jimbo la Ohio huko Marekani, mtambo uitwao Fire Ball ulivunjika ukiwa unazunguka. Kijana mmoja alikufa siku ileile na wengine saba wakajeruhiwa. Haukuwa mtambo wa ajabu. Kampuni moja ya Uholanzi ilikuwa imetengeneza mingi ya namna ile, na ilifanya kazi nchi mbalimbali. Wakaguzi walikuwa wameshaupitisha. Kilichouangusha ni kutu iliyokula boriti moja kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki, mpaka chuma kikabaki ganda.

Tukio hilo lina mafunzo mawili, na yanakwenda pande mbili. La kwanza: kampuni ile iliwatumia habari wenye mitambo kama ule kila mahali wasimamishe mara moja. Hii ndiyo faida ya mashine yenye ndugu wengi ambayo wakala hataitaja, maana haiuziki kwa picha. Ufa ukionekana kwenye mmoja, mwenye mwingine anaonywa kabla ufa haujafika kwake. Mtambo wa pekee hauna ndugu wa kuuonya. Ufa wake utajulikana Shanzu, na utajulikana watu wakiwa ndani.

La pili ni kutu yenyewe. Nyinyi mko pwani. Mmeona mageti ya nyumba za karibu na bahari yanavyoliwa, na kusi ikianza kuvuma, tuseme toka Aprili hadi Septemba, chumvi inaingia kila pembe. Pembea nyingi zimeundwa kwa mabomba, na bomba huoza kwa ndani huku rangi ya nje inang'aa. Kuna kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti kinachopima unene wa chuma bila kukikata. Mkinunua pembea yoyote, iwe mpya au kuukuu, panga kipimo hicho kwa ratiba, na kila boriti iwe na nambari na daftari lake. Vyuma vioshwe kwa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Nasisitiza kwa sababu kisima cha karibu na bahari mara nyingi kina maji ya chumvi, na kuosha mtambo kwa maji hayo ni kuupaka ugonjwa ulioukimbia. Jengeni tangi la kuvuna mvua ya masika tangu mwanzo.

Na kuna jambo ambalo vitabu vya mitambo vya huko nje hulipitia kwa mstari mmoja, lakini kwetu linastahili siku nzima ya mafunzo kwa wahudumu: mavazi. Kina mama zetu watakuja na buibui, leso na mitandio. Kitambaa kikishikwa na ekseli inayozunguka, kinavutwa kwa nguvu kuliko mkono wa mtu, na kama kiko shingoni hakuna muda wa kupiga kelele. Magari madogo ya mbio yenye ekseli wazi nyuma msiyanunue kabisa. Kwa magari ya kugongana, hakikisheni chini kumefunikwa, na mhudumu awe mwanamke kwenye lango la wanawake, ili aweze kuifunga buibui vizuri bila mtu kuona haya. Katika hili msione aibu wala msiharakishwe na foleni.

Baada ya yote hayo, kaka atauliza: basi tuwe kama pembea za Idd, zinazokuja na kuondoka? Hapana. Nataka mwe na kitu cha pekee. Ninachowaomba ni upekee usiwe ndani ya mashine.

Pale Disneyland, California, mwaka 1967 kilifunguliwa kivutio cha Pirates of the Caribbean, na hadi leo watu wanapanga foleni. Ukiuvua mtambo ule mapambo yake, utakuta mashua zinazobebwa na maji kwenye mfereji, na pampu zinazosukuma maji. Ufundi huo ulikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Cha pekee ni kile kinachoonekana ukiwa ndani ya mashua: mji, moto, sauti, giza. Linganisha na rolakosta ya Expedition Everest huko Florida, iliyofunguliwa 2006. Ndani yake kuna sanamu kubwa ya jitu la theluji, lililoundwa liruke na kunyoosha mkono kuelekea abiria. Ulikuwa ufundi mkubwa sana. Haukupita muda mrefu, jitu likaacha kutikisika, na kwa miaka mingi limebaki limesimama huku taa zikimetameta ili lionekane kama linacheza. Rolakosta yenyewe, ile sehemu inayoeleweka, inaendelea kubeba watu.

Hata hapa kwetu mfano upo, na hauna injini. Haller Park ya Bamburi ilikuwa shimo la machimbo ya saruji, mahali pasipoota kitu, hadi mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti, mvinje ikiwa mstari wa mbele. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 akaletwa pale Owen, kiboko mdogo aliyepotezana na wenzake, akamfuata kobe mkubwa aitwaye Mzee kana kwamba ndiye mzazi wake. Dunia nzima ikasikia. Watu walisafiri kuja kumwona kiboko na kobe wamelala pamoja, kitu ambacho hakuna wakala angeweza kukiuza.

Kwa hiyo ningekuwa nyinyi, ningefanya hivi. Ningenunua pembea nne badala ya sita, kila moja ya aina iliyokwisha kufanya kazi miaka kadhaa mahali penye bahari, kutoka kwa mtengenezaji anayejibu simu na anayeuza spea. Treni ya watoto na vikombe ningeviacha vingoje mwaka wa pili, kwa kuwa farasi wanawatosha wadogo kwa sasa. Pesa za hizo mbili ningezitia katika sura ya mahali. Mashua ya kubembea tayari ni chombo cha baharini, basi hapo ndipo jahazi la kaka yako linapozaliwa. Izungusheni bandari: gati la mbao, magunia, mlango wa kuchonga, baraza za kungojea zenye kivuli, mzee wa kusimulia safari za kaskazi kwa watu walio kwenye foleni. Wachongaji wako Changamwe, mafundi wa majahazi wako Lamu, na hakuna bustani ya Dubai itakayowashinda kwa hilo.

Hapa nawaonya kwa uzito wote. Mapambo yawe kwenye vitu vilivyosimama. Msiongeze hata ubao mmoja kwenye mashua inayobembea bila idhini ya maandishi ya mtengenezaji, kwa sababu uzito uliozidi unaichosha ekseli kila inapopanda na kushuka, na tanga la kweli juu yake litakamata kusi kama linavyokamata baharini. Kaka atapenda tanga. Mwambieni lisimame kwenye mlingoti wa gati.

Katikati ya kiwanja acheni nafasi tupu, pana, bila mnazi na bila bomba chini yake. Disneyland yenyewe ilifunguliwa 1955 na vivutio vya kawaida, mlima wa Matterhorn wenye rolakosta ya kwanza ya reli za bomba la chuma ukaja 1959, ilipokwisha kupata watu na pesa. Mkifika hapo, nami nitakuwa wa kwanza kumuunga mkono kaka, mradi mtambo huo uwe umeshafanya kazi kwa mwingine, spea zake ziwe ghalani kabla ya siku ya ufunguzi, na bustani iweze kuishi miezi sita bila huo.

Yako mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Ardhi ya Shanzu ni mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una mapango usiyoyaona juu. Mhandisi aliyesajiliwa achimbe na kupima kabla hamjamwaga zege hata toroli moja. Mtahitaji pia kibali cha mazingira cha NEMA na vibali vya kaunti, na hivyo hutangulia ujenzi, havifuati. Kama hati ya shamba bado iko kwa jina la marehemu, nendeni kwa Kadhi mmalize mirathi kwanza, kwa amani, kabla ya kuingia mkataba wowote. Wakala akidai malipo ya awali "ili bei isipande", mpelekeeni wakili mkataba huo kabla ya kutoa shilingi. Na mkipata pembea kuukuu ya bei nzuri, msikubali picha wala video. Mkaguzi asafiri akaione ikizunguka na mizigo ndani, asome daftari lake la matengenezo, kisha ndipo ifunguliwe na kupakiwa.

Mimi niko Tudor. Njooni wote watatu na michoro ya wakala, kaka ndiye aishike. Tutaisoma pamoja, halafu twende Shanzu alasiri moja ya mwezi wa saba, kusi ikiwa kali, tusimame kwenye kiwanja tuone upepo unapiga upande gani kabla hamjaamua mashua itazame wapi. Leteni tepu ndefu ya kupimia.